Mswada umerudi kwa sababu ya marejeleo: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka kwa watu wanaoandaa makala ya jarida la kitaaluma na wamekwama mahali pamoja: kurasa za mwisho. Matokeo yapo, mjadala upo, msimamizi ameridhika, halafu mhariri anarudisha kazi kwa sababu ya mikato na mabano. Majina ya wenye barua tumeyaondoa, mitaa yao tumeibakiza.

*

Habari za kazi. Nimeandika makala ya afya ya jamii yenye marejeleo 58, yote kwa mtindo wa APA kama tulivyofundishwa chuoni. Jarida limenirudishia mswada kabla haujafika kwa wapitiaji, kwa sentensi moja tu: marejeleo yawe ya Vancouver. Nikae nibadilishe moja moja kwa mkono? — Mtumishi wa afya, Temeke

Pole sana. Kwa mkono, hapana. Tazama kwanza ni nini kinabadilika, kwa kutumia makala maarufu ya muundo wa DNA ya mwaka 1953. Kwa APA, mtindo wa mwandishi na mwaka, inaandikwa hivi:

Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. Nature, 171(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Kwa Vancouver, mtindo wa namba, inakuwa hivi:

1. Watson JD, Crick FHC. Molecular structure of nucleic acids: a structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953;171(4356):737-8. doi:10.1038/171737a0

Nukta za herufi za majina zimeondoka. Alama ya & imeondoka. Mwaka umehama kutoka nyuma ya waandishi ukaenda nyuma ya jina la jarida. Kurasa 737–738 zimefupishwa kuwa 737-8. Jina la jarida na namba ya juzuu, ambavyo katika APA huwa na herufi za mlazo, sasa ni herufi za kawaida. Hayo ni mabadiliko matano katika rejeleo fupi la waandishi wawili. Zidisha mara 58, kisha kumbuka kwamba ndani ya matini nako kila jina na mwaka lazima vigeuke namba.

Namba hizo hufuata mpangilio wa kutajwa: chanzo cha kwanza kutajwa ndicho 1, cha pili ni 2, na chanzo kikirudiwa ukurasa wa kumi kinabaki na namba yake ya mwanzo. Alfabeti haina kazi hapa. Ndiyo maana kuandika namba kwa mkono ni kujitafutia balaa: mpitiaji akikuomba uongeze chanzo kimoja katika utangulizi, namba zote zinazofuata zinasogea. Kuna na mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Chanzo kinachotajwa ndani ya jedwali peke yake hupewa namba kulingana na mahali jedwali lenyewe linapotajwa kwa mara ya kwanza katika matini, hata kama jedwali limewekwa mwisho wa mswada.

Tumia programu ya kutunza marejeleo. Tunapendekeza Zotero kwa sababu ni ya bure na hutunza maktaba yako ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo bando likiisha kazi inaendelea. Ukitaka maktaba yako na mafaili yake vihifadhiwe pia mtandaoni, unapewa megabaiti 300 bila malipo. Mendeley nayo ni ya bure. EndNote ni ya kulipia, na kama chuo chako hakijainunua hatuoni sababu ya wewe kuinunua. Ukisakinisha Zotero kwenye kompyuta yenye Word, kichupo chake hujitokeza chenyewe juu ya ukurasa.

Hatua ni hizi. Kusanya namba za DOI za vyanzo vyako, yaani namba za kudumu za kutambulisha makala, zile zinazoanza na 10. kama ulivyoona hapo juu. Katika Zotero bofya alama ya kijiti chenye nyota, bandika DOI, na taarifa za makala zitaingia zenyewe. Unaweza kubandika DOI nyingi kwa mkupuo, kila moja kwenye mstari wake. Kisanduku hicho hupokea pia ISBN za vitabu na namba za PubMed. Halafu rudi kwenye mswada. Hapa ndipo watu huvunjika moyo: majina uliyoyachapa kwa mkono Zotero haiyatambui. Lazima ufute kila rejeleo la ndani na kuliingiza upya kwa kitufe cha “Add/Edit Citation”, kisha mwishoni uite orodha yote kwa kitufe cha “Add/Edit Bibliography”. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, lakini ni ya mara moja. Jarida hili likikukataa na lijalo likitaka APA au Chicago, utafungua “Document Preferences”, uchague mtindo, na mswada mzima utabadilika ukiwa bado umeshika kikombe cha chai.

Programu haimalizi kila kitu. Majarida ya Vancouver hutaka majina ya majarida yafupishwe kama yalivyo katika katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, kwa mfano East African Medical Journal huwa East Afr Med J, wakati jina la neno moja kama Nature halifupishwi. Ufupisho huo una sehemu yake ndani ya Zotero, nayo mara nyingi huwa tupu, ijaze. Usibuni ufupisho kwa kukisia. Waandishi wakizidi sita, majarida mengi hutaka sita wa kwanza na kisha et al. (yaani “na wenzake”), ila siyo yote.

Na hata Vancouver si moja. Jarida moja hutaka namba kwenye mabano ya mraba, jingine ya duara, jingine namba ndogo iliyopandishwa juu. Hapa namba hutangulia nukta, kule huifuata. Soma maelekezo kwa waandishi mpaka mwisho, kisha pakua makala moja iliyotoka mwaka huu katika jarida hilo na uiweke pembeni kama kielelezo. Ya mwaka huu, kwa kuwa majarida hubadilisha mitindo. Na kwa safari nyingine, kabla ya kupoteza jioni zako, angalia kama jarida linapokea mtindo wowote katika awamu ya kwanza mradi ufuatwe sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Majarida mengi ya Elsevier yana utaratibu huo.

*

Nasoma uzamili wa Kiswahili. Majina yetu yananichanganya: mtu ana majina matatu, mwingine ana “bin”, mwingine hujulikana kwa jina la kwanza tu. Lipi ni la ukoo katika orodha? Programu nayo imeniandikia “Takwimu, O. ya T.”! — Changanyikeni

Tuanze na huyo Bwana Takwimu. Programu hudhani kila mwandishi ni binadamu mwenye jina la kwanza na la mwisho, hivyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekatwa vipande kama jina la mtu. Katika Zotero, pembeni ya sehemu ya mwandishi kuna kitufe kidogo cha kubadilisha kutoka sehemu mbili kuwa moja. Kibofye, andika jina zima la taasisi, nalo litatoka zima. Fanya hivyo kwa wizara, halmashauri, BAKITA na taasisi nyingine zote.

Kwa watu, mazoea ya majarida ni kuchukua jina la mwisho kama la ukoo na kufupisha yaliyotangulia: Nyerere, J. K. Shaaban Robert huingia kama Robert, S., ingawa katika maandishi ya Kiswahili utakuta pia amewekwa kwenye herufi S kwa jina zima. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa upande mwingine, katika maktaba nyingi hupangwa kwenye N, kwa kuwa “wa Thiong'o” inaeleza mtoto wa nani. Kanuni yetu ni kufungua ukurasa wa jina wa kitabu chenyewe, kufuata alivyojiandika mwandishi, kuchagua namna moja na kuishika katika mswada wote. Mhariri husamehe uamuzi usio wa kawaida. Mtu mmoja kugeuka watu wawili katika orodha moja halisameheki. Vyeo havina nafasi: Dkt., Prof., Mwalimu, Alhaji na Sheikh vyote hubaki nje.

Fasihi yetu ina mtego mzuri. Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed wote ni Mohamed, wote ni wa Zanzibar, na mwanafunzi wa riwaya huwataja katika ukurasa mmoja. APA inataka herufi za mwanzo ziongezwe ndani ya matini kila mara unapomtaja mmojawapo, hata kama miaka ya vitabu vyao inatofautiana: S. A. Mohamed kwa huyu, M. S. Mohamed kwa yule. Katika orodha M. S. hutangulia S. A. Kama ni mtu mmoja mwenye kazi mbili za mwaka mmoja, unaongeza a na b kwenye mwaka, na anayepata a ni yule ambaye jina la kazi yake linatangulia kialfabeti. Nani alitoka mwezi gani si hoja.

Kuhusu taasisi zilizobadilika jina: kamusi iliyochapishwa kwa jina la TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) inabaki ya TUKI, hata kama taasisi leo inaitwa TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Rejeleo huandikwa kama chanzo kilivyochapishwa, historia yake ieleze ndani ya matini ukipenda:

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. (2004). Kamusi ya Kiswahili sanifu (toleo la 2). Oxford University Press.

Usitafute mji wa uchapishaji hapo. APA toleo la 7, lililotoka 2019, liliuondoa. Ukiona rejeleo lenye “Nairobi:” kabla ya mchapishaji, aidha ni la mtindo mwingine au ni la APA ya zamani iliyonakiliwa kutoka tasnifu ya mtu.

*

Makala yangu inategemea ripoti za serikali, sheria, magazeti na mahojiano niliyoyafanya Kariakoo na Manzese. Mifano ya vitabuni yote ni ya makala za Ulaya. Nifanyeje? — Mtafiti, Mbezi

Ripoti kwanza, kwa sababu ndizo zinazoharibu orodha nyingi hapa mjini. Mtu anaandika kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Namba ni sahihi, ni ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Lakini katika utangulizi ameandika NBS (kifupisho cha Kiingereza cha Ofisi ya Taifa ya Takwimu), katika mbinu ameandika URT (Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa Kiingereza), katika mjadala ameandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na katika orodha jina liko kwa Kiingereza. Msomaji anahesabu vyanzo vinne; kumbe kitabu ni kimoja. Chagua jina kutoka ukurasa wa mbele wa ripoti, katika lugha ya ripoti unayoisoma. Mara ya kwanza ndani ya matini andika jina zima na kifupisho katika mabano ya mraba, tangu hapo tumia kifupisho peke yake, na katika orodha rudi kwenye jina zima. Ripoti za sensa hubeba taasisi ya Bara na ya Zanzibar kwa pamoja. Usimfute mmoja kwa kuokoa nafasi.

Anwani za tovuti za serikali huhama. Kiungo kilichofunguka leo kesho huonyesha ukurasa mtupu, na mhariri akikibofya atadhani umebuni. Siku unayopakua ripoti, nenda web.archive.org, bandika anwani katika kisanduku cha “Save Page Now”, na utapata kiungo cha nakala iliyohifadhiwa na tarehe yake. Tunza pia faili lenyewe. Tarehe ya kusoma, kwa APA, huhitajika tu kama ukurasa umetengenezwa ili ubadilike, mfano dashibodi ya takwimu. Ripoti ya PDF yenye mwaka wake haihitaji.

Sheria huandikwa kwa jina lake, sura, na toleo la marekebisho ulilolisoma: Sheria ya Ndoa, 1971, Sura ya 29, Toleo la Marekebisho la 2019. Wengi huacha hicho kipande cha mwisho. Sheria zetu huunganishwa upya na kuchapishwa pamoja na marekebisho yake, kwa hiyo maneno ya kifungu katika Toleo la 2002 yanaweza yasiwe yale yaliyomo katika la 2019. Ndani ya matini taja kifungu, kwa sababu “Sheria ya Ndoa inasema” haimfikishi msomaji popote. Kama jarida ni la sheria lenyewe, huenda likataka tanbihi chini ya ukurasa na kuachana kabisa na APA.

Gazeti lina uso wa karatasi na uso wa mtandao. Uliposoma karatasi, toa tarehe kamili na ukurasa. Uliposoma mtandaoni, tarehe kamili na kiungo cha habari yenyewe. Kiungo cha mlango wa mbele wa gazeti hakimsaidii mtu. Habari isiyo na jina la mwandishi huanza na kichwa cha habari.

Mahojiano yako na wafanyabiashara wa Kariakoo si marejeleo kabisa. Hiyo ni data yako. Unawanukuu ndani ya matini kwa alama ulizowapa, kwa mfano Mhojiwa 7, mwanamke, mfanyabiashara wa vitenge, na hawaingii katika orodha. Ukiwaingiza kwa majina utakuwa umevunja ahadi ya usiri uliyoitoa kwenye fomu ya ridhaa. Ni tofauti na simu uliyompigia ofisa wa halmashauri akakupa ufafanuzi kama mtaalamu. Hayo ni mawasiliano binafsi: ndani ya matini weka jina lake kwa idhini yake, maneno “mawasiliano binafsi” na tarehe kamili. Nayo pia hayaingii katika orodha, kwa kuwa msomaji hana pa kuyapata. Ujumbe wa WhatsApp uko kundi hilo hilo.

*

Niliomba programu ya akili unde inipe vyanzo vya sehemu ya mapitio ya maandiko. Mhariri ameandika kwamba vinne havipo duniani. Lakini vina DOI! — Mhadhiri msaidizi, Upanga

Programu hizo hutunga rejeleo kama zinavyotunga sentensi. Zimeona maelfu ya marejeleo, zinajua umbo lake, zinalijaza umbo hilo kwa kinachoelekea kufaa. Majina huwa ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, na DOI ina sura ya DOI. Makala ndiyo haipo.

Kuchunguza kunachukua dakika moja kwa kila chanzo. Andika https://doi.org/ na ubandike DOI nyuma yake. Kuna matokeo matatu. Ukurasa unasema DOI haikupatikana: rejeleo ni la kubuni, au limekosewa herufi. Inafunguka makala nyingine kabisa: huu ndio ujanja unaowapita wengi, kwa sababu wanaona ukurasa umefunguka na wanafunga bila kusoma kichwa. Inafunguka makala yenyewe: bado linganisha waandishi, mwaka, juzuu na kurasa. Makala isiyo na DOI usiihukumu haraka; makala nyingi za zamani, zikiwemo za majarida ya Afrika, hazikupewa. Hizo zitafute kwa jina zima ndani ya alama za nukuu, au fungua yaliyomo ya toleo husika katika tovuti ya jarida au AJOL, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya Afrika.

Hesabu ndogo pia hukamata uongo. PLOS ONE ilianza mwaka 2006 kwa juzuu ya 1 na hutoa juzuu moja kwa mwaka. Kwa hiyo 2015 ni juzuu ya 10 na 2018 ni ya 13. Rejeleo linalosema PLOS ONE, 2018, juzuu ya 9, kurasa 112–120 lina makosa mawili: juzuu si yake, na jarida hilo la mtandaoni halina kurasa za namna hiyo, lina namba ya makala inayoanza na herufi e.

Mashine haikuanza tabia hii, tuseme ukweli. Watu walikuwa wakinakili marejeleo kutoka tasnifu za wenzao kabla ya kompyuta mpakato kufika Mlimani, pamoja na mwaka uliokosewa na jina lililokatwa. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar nacho kina upungufu wake: DOI haiwekwi, namba ya toleo mara nyingine hukosekana, herufi kubwa huachwa zilivyo. Rejeleo linaandikwa huku ukurasa wa kwanza wa chanzo umefunguliwa mbele yako. Kama hujaufungua, basi hujasoma, na kama umekutana na hoja hiyo kwa mtu mwingine, sema hivyo: mtaje mwenye hoja ndani ya matini, ongeza “kama alivyonukuliwa na” ukifuatiwa na uliyemsoma, na katika orodha aingie uliyemsoma peke yake.

Jambo la ziada. Makala inaweza kuwepo na bado isifae kwa sababu imeondolewa na jarida baada ya kugundulika kasoro. Zotero hukuonya kwa mstari mwekundu ikiwa kazi iliyomo katika maktaba yako imo katika hifadhidata ya Retraction Watch. Onyo hilo usilipuuze. Wapitiaji nao wanaliona.

*

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Wanafunzi huniletea kazi kwenye flashi. Nikifungua, mistari ya marejeleo imeparaganyika yote, na lawama ni zangu. — Sinza

Lawama si zako. Mteja wako ametengeneza mjongeo, yaani kuingiza mstari ndani, kwa kubonyeza nafasi mara tano au sita kila mstari wa pili, na pengine amebonyeza Enter mwisho wa kila mstari. Kwenye kompyuta yake ilionekana sawa. Kwako fonti ni tofauti kidogo au pambizo ni pana zaidi, na zile nafasi zimehamia katikati ya mstari.

Dawa: futa nafasi na Enter za bandia mpaka kila rejeleo liwe aya moja. Chagua orodha yote, bonyeza Ctrl na T kwa pamoja. Mstari wa kwanza utabaki ukingoni na inayofuata itaingia ndani. Kipimo cha APA ni sentimita 1.27, kikiwa tofauti, fungua mipangilio ya aya na ukiandike mwenyewe. Nafasi kati ya mistari ni mbili, ndani ya rejeleo na kati ya rejeleo na jingine, bila mstari mtupu wa ziada. Kwa upangaji wa alfabeti tumia kitufe cha A–Z cha Word, si macho. Ila angalia kwanza kama orodha inatoka Zotero au Mendeley: bofya juu yake, ikibadilika kuwa kijivu ni hai, na usiiguse kwa mkono. Marekebisho yako yatafutika mteja atakapoisasisha, naye atarudi kwako amekunja uso.

*

Jarida ninaloandikia ni la Kiswahili. Niandike et al. au “na wenzake”? Na msimamizi anasema tumia Harvard, kila ninayemuuliza ananipa Harvard yake. — Kijitonyama

Kwa matini ya Kiswahili andika “na wenzake”, “uk.” kwa ukurasa, “mh.” na “wah.” kwa mhariri na wahariri, “h.t.” pasipo na tarehe, na “na” badala ya &. Kama jarida lina vifupisho vyake, vyake ndivyo. Programu zitakutolea vya Kiingereza. Vibadilishe mwishoni kabisa, kwenye nakala ya kutuma, kwa Tafuta na Badilisha. Ukianza mapema vitajirudisha.

Kisha jaza sehemu ya lugha ya kila chanzo cha Kiswahili katika Zotero kwa herufi sw. Baadhi ya mitindo hukuza herufi ya kwanza ya kila neno katika jina la kazi kwa Kiingereza. Sehemu hiyo ikiwa tupu, programu hudhani kila kitu ni Kiingereza na kukukuzia “Wa”, “Ya” na “Kwa”. Ukitaja kazi ya Kiswahili katika makala ya Kiingereza, jina la asili hubaki, na APA hutaka tafsiri yake ifuate katika mabano ya mraba bila mlazo.

Kuhusu Harvard, wote wanaokujibu wako sahihi. Harvard ni jina la jumla la mtindo wa mwandishi na mwaka. Hakuna kitabu kimoja cha mamlaka kama ilivyo kwa APA au Chicago. Mwombe msimamizi mwongozo wa chuo au makala moja ya kielelezo, na usimwulize swali la “Harvard ipi” mbele ya watu.

*

Ni mambo gani ya kukagua usiku wa mwisho kabla ya kutuma? — Kigamboni

Tengeneza nakala ya faili. La kwanza liite mswada_hai, la pili mswada_wa_kutuma. Katika la pili tu, bofya “Unlink Citations” ili viungo vya programu vigeuke maandishi ya kawaida. Ukifanya hivyo kwenye faili pekee ulilonalo, hakuna kurudi nyuma, na siku mapendekezo ya wapitiaji yanapokuja utaanza upya kwa mkono.

Chapisha orodha kwenye karatasi. Soma mswada tangu utangulizi, na kila unapokuta rejeleo la ndani, weka alama kwenye orodha. Katika mitindo ya mwandishi na mwaka unaweza kusaidiwa na kisanduku cha kutafuta cha Word: andika “20”, kisha “19”, na kila mwaka utajitokeza. Mwisho utabaki na aina mbili za yatima: waliomo katika orodha bila kutajwa, na waliotajwa bila kuwemo. Wa kwanza wafute. Wa pili watafute, na kama huwapati, sentensi inayowategemea iondoke nao. Kagua pia kama mwaka wa ndani na wa orodha ni mmoja; 2016 ndani na 2019 kwenye orodha ni kosa linalopita macho mengi, kwa sababu jina linafanana na jicho linaridhika.

Nukuu za moja kwa moja zote ziwe na namba ya ukurasa. Katika APA, nukuu yenye maneno 40 au zaidi hujitenga kuwa aya yake iliyoingia ndani, bila alama za nukuu.

Halafu bofya kila kiungo. Chote, hata kile cha mwisho. Kinachoishia na nukta uliyoiweka kwa mazoea ya kumaliza sentensi mara nyingi hukataa kufunguka, kwa kuwa nukta hiyo imehesabiwa kuwa sehemu ya anwani. Ndiyo maana rejeleo la APA linaloishia na DOI halina nukta mwishoni.